HUDUMA ZA SERIKALI KWA WATOTO WETU WENYE USONJI: TULIVYOZITAFUTA NA TUNALOLIOMBA

(Mazungumzo ya Kamati ya Watoto katika sherehe za miaka 10 ya kikundi, Likoni)



Waliotutangulia wamezungumza juu ya hisa, mikopo, na vile viti na sufuria za kukodisha ambazo leo zimetupatia hata kivuli cha kukalia. Sisi tumepewa dakika 20 tuzungumze juu ya watoto. Kamati yetu ni ya watu watano: akina mama watatu wenye watoto wenye usonji, na wenzetu wawili ambao hawana mtoto kama huyo nyumbani lakini wamekuwa wakitusindikiza maofisini. Tukisema "sisi" twamaanisha wote watano, maanake foleni hizo tumezipanga pamoja.

Juu ya usonji wenyewe hatutasema mengi, kwani wengi wenu mwawajua watoto hawa na wamekula nyumbani kwenu. Ni ubongo wa mtoto kukua kwa namna iliyo tofauti. Mtoto waita jina lake haitiki. Maneno hayaji, au yalikuja kidogo yakapotea. Anaweza kuzungusha kifuniko cha sufuria asubuhi nzima, na ukimbadilishia kikombe chake ni kilio mpaka majirani watoke. Kelele ambayo wewe huisikii, yeye inamuumiza. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji, kwa hivyo mwenye kudhani jambo hili ni la nyumba tatu tu za Likoni naahesabu upya watoto wa mtaani kwake. Hautokani na chanjo. Hautokani na mama kutojua kulea. Na dawa ya kuuondoa haipo, hata yule anayeuza chupa sokoni akiapa vipi. Kilichopo ni mafunzo, na mafunzo hayo yakianzwa mapema mtoto hupata njia ya kueleza anachotaka, kula mwenyewe, kwenda choo, kungoja zamu yake.

Hapa kwetu Pwani watu wana maelezo yao. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofanywa Kilifi na Mombasa, ambapo wazazi na wataalamu waliulizwa usonji unatokana na nini. Wako waliotaja pepo, uchawi na laana, na wako waliotaja maradhi, shida wakati wa kuzaa na mambo ya kurithi. Na wazazi walikuwa wakienda kwa waganga na hospitalini pia. Hatukuja hapa kumsema mganga wa mtu. Lakini hebu tuseme ukweli: mganga hana foleni. Anakupokea hata baada ya magharibi, anakukalisha, anakuuliza habari za mtoto tangu siku aliyozaliwa. Hospitalini unafika alfajiri, na saa sita unazungumza na mtu kwa dakika tano. Tusiwalaumu akina mama wanaokwenda kule walikosikilizwa. Tuulize kwa nini mlango wa serikali, ambao ni wa kwetu na twaulipia kodi hata tunaponunua sukari, ni mgumu kuusukuma.

Na haki ipo, jamani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 chataja haki ya mtu mwenye ulemavu ya kupata elimu na vifaa. Ikaja Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na mwaka 2025 ikapitishwa Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu kuchukua nafasi ya ile ya 2003. Karatasi zatosha.

Jambo ambalo lilituchukua muda mrefu kuelezwa na mtu yeyote ni hili: milango ni mitatu, na kila mlango una karatasi yake. Kuna hospitali, kuna elimu, na kuna Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Karatasi ya mlango mmoja haifungui mwingine. Mwenzetu mmoja alikwenda shule na barua ya hospitali, akaambiwa aende akafanyiwe tathmini. Akarudi hospitali, akaambiwa tathmini ni ile ile ya kadi ya ulemavu. Akaifuata kadi. Alipoipata akairudia shule nayo, akaambiwa, "Mama, hii siyo." Muda aliopoteza ni mihula miwili. Hakuna aliyemdanganya, kila mmoja alijibu la ofisini kwake tu. Ndiyo maana tumeomba mambo haya yachapishwe katika kijitabu hiki, ili mwingine asizunguke hivyo.

Tuanze na hospitali. Unaanza pale pale kwenye kliniki ya karibu, unapompeleka mtoto kupimwa uzito. Mwambie muuguzi waziwazi: mtoto hasemi, haitiki, hachezi na wenzake. Usikubali ule usemi wa "watoto wa kiume huchelewa" ukurudishe nyumbani mara mbili. Omba barua ya kupelekwa hospitali kubwa. Kule, jambo la kwanza ni masikio yapimwe, kwa sababu mtoto asiyesikia naye haitiki. Kama mtoto huanguka au hukodoa macho akapotea kidogo, sema pia, kwani kifafa huwapata wengi katika watoto hawa, na kifafa kina dawa. Kisha omba kupelekwa okupesheno therapi. Ukiuliza mlangoni kwa jina hilo utaonyeshwa. Hawa ndio wanaomfundisha mtoto kutumia mikono na mwili wake katika shughuli za kila siku: kushika kijiko, kuvaa, kukaa kwenye kiti, kuvumilia kuguswa. Mtaalamu wa matamshi ni adimu zaidi; ukimpata, usimwachie.

Hospitali tuliyokwenda sisi hatutaitaja. Faili ya mtoto mmoja ilipotea mara mbili, na mara ya pili tukaambiwa tuanze upya kana kwamba mtoto kazaliwa jana. Karani mmoja alimtazama mtoto aliyelala chini akilia akasema huyu hana adabu. Lakini tuwe waadilifu: katika hospitali hiyo hiyo, yule dada wa okupesheno alikuwa peke yake na benchi limejaa, na bado alimtolea kila mtoto muda wake, akimwonyesha mama cha kufanya nyumbani. Kosa halikuwa lake. Alikuwa mmoja kwa watoto wote wale.

Na sasa feri. Mwajua sote kwamba anayevuka kwa miguu halipi. Nauli si tatizo pale, tatizo ni pale penyewe. Ule umati unaoshuka kwenye mteremko, honi, wauza maji, jua, kusimama kungoja. Mtu mzima huchoka, sembuse mtoto ambaye sauti humchoma kama sindano. Watoto wetu wameshalala chini pale, na watu wakatupitia juu. Kuna aliyesema, "Mama, mfinye huyo." Ukishavuka, matatu huwezi: kondakta hataki mtoto anayepiga mayowe. Kwa hivyo ni tuktuk ya kukodi, shilingi 200 kwenda na 200 kurudi. Kliniki ni mara mbili kwa mwezi. Shilingi 800, na siku mbili za kutofungua genge. Mama anayekaanga viazi hana siku za likizo. Basi akina mama huenda mara moja, kisha hukosa moja, kisha jina la mtoto hutolewa katika orodha, na kwenye vitabu huandikwa "mzazi ameacha". Hakuacha kwa kupenda.

Mlango wa pili ni wa elimu. Wizara ya Elimu ina vituo vya tathmini, vinajulikana kwa jina la EARC, na vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Uliza kwenye ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Pale hawaangalii ugonjwa, wanaangalia mtoto anaweza nini na anahitaji kufundishwa vipi, kisha wanaandika pendekezo: darasa la kawaida na msaada, darasa maalum ndani ya shule ya kawaida (ndilo watu huita yuniti), shule maalum, au kufundishwa nyumbani kwa wale wenye hali ngumu zaidi. Kwa wanaotafuta tathmini ya ndani zaidi kiko kituo kikubwa cha KISE, ile taasisi ya elimu maalum iliyoanzishwa 1986, lakini hicho kiko Kasarani, Nairobi, na nauli yake ni habari nyingine.

Barua ya pendekezo ndiyo silaha yako, dada. Ibebe mwenyewe, toa nakala tatu, usiache ile ya asili kwa mtu. Mwalimu mkuu mmoja, ambaye naye hatutamtaja, alituambia darasa limejaa na kwamba mtoto huyu "hatafaulu mtihani na atatushusha". Tukamjibu kwa heshima kwamba mtaala wa sasa una njia ya hatua kwa watoto wenye hali kama hii: hatua ya kwanza, ya kati, ya maandalizi ya ufundi, na ya ufundi wenyewe. Mtoto hupimwa kwa hatua anayopiga yeye, bila kushindanishwa na wenzake. Mwalimu akasema hakuwa ameliangalia hivyo. Tulirudi siku tatu mfululizo tukiwa watu wanne, na siku ya nne mtoto akaketi darasani. Mama huyo huyo alikuwa ameshakwenda peke yake mara tano, akijibiwa na bawabu.

Twataka muelewe kwamba hata mahali palipo na huduma leo, mara nyingi ni wazazi waliogonga. Darasa la watoto wenye usonji katika City Primary School, shule ya umma kule Ngara, Nairobi, lilianza mwaka 2003, na waliolisukuma ni wazazi walioungana mwaka huo huo katika Autism Society of Kenya. Wala hawakujenga shule yao ya kulipisha. Waliingia ndani ya shule ya serikali wakadai chumba na mwalimu. Twalitaja hili kwa sababu kuna wanaosema tuchange tufungue shule yetu. Sisi hatuafiki. Tukifungua yetu, watatuambia, "Haya, si mna yenu?" Chumba kiwe cha serikali, mwalimu awe wa serikali.

Mlango wa tatu, wa Baraza, tutaupita upesi. Maombi ya usajili siku hizi hupitia eCitizen, yaani kijana wa saiba atakusaidia, na mtoto hufanyiwa tathmini ya kiganga katika hospitali ya serikali. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kitambulisho chako. Ukidaiwa pesa uliza ni za nini na udai risiti. Na ujue kwamba kadi si pesa. Wengi hudhani wakishapata kadi zile shilingi 2,000 za Inua Jamii zitaanza kuingia. Hapana. Mpango ule wa watu wenye ulemavu mkubwa ulianza 2011, na ni kwa nyumba maskini zenye mtu anayehitaji kuangaliwa mchana na usiku. Majina huandikwa serikali inapofanya usajili huko mitaani. Hapo ndipo twamtazama Mheshimiwa Chifu, ambaye tunashukuru yupo nasi. Usajili ujao ukifika, twaomba tangazo lifike nyumbani kwa mtu, kwa sababu mama wa mtoto kama huyu haji barazani. Hana wa kumwachia.

Sasa, wenzetu, tumekuja na ombi, na twajua si wote wanaolipenda. Tumesikia maneno kisimani, na ni bora yasemwe hapa. Wako wanaosema mfuko wa jamii uliwekwa kwa ajili ya msiba na kulazwa hospitali, mambo yanayoweza kumfika yeyote, ilhali haya ya usonji ni ya watu watatu. Ni hoja ya haki na tutaijibu kwa haki. Katika miaka hii 10 wako wanachama ambao hawajapata msiba hata mmoja, alhamdulillahi, na hakuna aliyesema turudishieni 20 zetu. Tena wajukuu wanakuja. Hakuna ajuaye mtoto wa 127 atazaliwa kwa nani.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuko wanachama 26. Kila wiki kila mmoja hutoa shilingi 20 za mfuko wa jamii. Tunaomba ziwe 30. Hizo 10 za juu, kwa watu 26, ni shilingi 260 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni shilingi 13,520. Safari moja ya tuktuk ni 400, kwa hivyo ni safari 33 kwa mwaka na chenji inabaki. Kwa watoto watatu ni safari 11 kila mmoja, karibu moja kila mwezi. Ile ya pili mama atajilipia mwenyewe. Hatuombi kubebwa mgongoni. Kila safari italetewa kadi ya kliniki yenye tarehe ya siku hiyo, Bi Mweka Hazina aipige muhuri kitabuni, na mwenye kukosa kuileta hapewi tena.

La pili halina gharama. Mkutano wetu ni Jumanne, na kliniki ni Jumanne. Mwenzetu mmoja mwaka jana alitozwa faini ya shilingi 50 mara sita kwa kukosa mkutano, akaanza kusema ni afadhali atoe hisa zake aondoke. Mama huyu hajawahi kuchelewesha mkopo hata siku moja, na vitabu viko hapa, tazameni. Tunaomba mwenye kadi ya kliniki ya siku hiyo asitozwe, na mchango wake upokewe kwa mkono wa mwenzake.

La tatu ni kusindikizana. Wanachama sita wajitolee, zamu zao ziandikwe, ili mama asivuke feri peke yake wala asiingie ofisini peke yake. Tumeshaeleza tofauti ya kwenda mmoja na kwenda wanne. Kwenye feri mmoja hushika mtoto na mwingine hufungua njia. Vijana wa tuktuk wawili hapa mtaani wamekwisha kuwazoea watoto hawa na huzima redio wakiwapakia. Twaomba hao ndio wapewe kazi.

Liko na la nne, ambalo ni la kuwaomba wakubwa waliopo wakatufikishie mbele. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo kwa walezi wa watoto wa kati ya miaka 2 na 9 wenye matatizo ya kukua kama haya. Ni vikao 9 vya pamoja na ziara 3 za nyumbani. Yametengenezwa kwa ajili ya mahali ambapo wataalamu ni haba, na anayeyafundisha si lazima awe daktari bingwa; mhudumu wa afya aliyefunzwa anaweza. Mama hufundishwa namna ya kucheza na mtoto ili azungumze, namna ya kumpa achague kati ya vitu viwili, namna ya kuzuia kilio kabla hakijaanza. Sisi hapa tuna ukumbi, tuna viti, tuna akina mama ambao tayari hukutana kila wiki bila kukosa. Kaunti ikituletea mfunzi, watoto hawatalazimika kuvuka maji kwa kila jambo. Barua tumekwisha kuiandika na iko kwa Bi Katibu. Haijatiwa saini ya kikundi kwa sababu twataka itoke kwa wanachama wote, isiwe barua ya akina mama watatu.

Kwa sasa wawili katika watoto wetu wamo darasani. Mmoja ameanza kusema "maji" akiwa na kiu, na alipolisema mara ya kwanza nyumba nzima ililetewa maji. Wa tatu ana miaka minne, barua ya EARC ameipata mwezi uliopita, na miadi yake ya okupesheno ni Jumanne ijayo saa mbili asubuhi. Mama yake anahitaji mtu wa kuvuka naye.

Bi Mwenyekiti, twaomba mambo haya yapigiwe kura kwa kuinua mikono, moja baada ya jingine, kabla pilau haijapakuliwa.